Koplo Aliyeifungulia Bahari Mlango

Sisi watu wa pwani bahari twaijua zaidi kwa juu. Twazijua pepo zake, kusi na kaskazi. Twajua bamvua na maji mafu. Twajua mwamba upi hujionyesha na upi hujificha ukangoja mkuku wa jahazi. Ama chini yake, huko twaenda kwa pumzi moja na kurudi kwa pumzi ile ile. Mwulize mzamiaji yeyote, wa Lamu au wa Vanga, atakwambia kuwa pima moja na nusu tu chini ya maji masikio huanza kulalamika, na akizidi kushuka kifua nacho huhisi kana kwamba kimezungushiwa kamba na mtu anaikaza. Mkazo huo ndio adui aliyepambana naye Wilhelm Bauer karibu maisha yake yote ya utu uzima. Mara moja ulimshinda, na siku hiyo hiyo akautumia uwe ndio wa kumwokoa. Kisa hicho ndicho tunachotaka kukizungumza leo.

Bauer hakuwa mwana wa bahari. Alizaliwa tarehe 23 Disemba 1822 katika mji wa Dillingen, kando ya mto Danube, katika ufalme wa Bavaria, ambao siku hizi ni jimbo la kusini la Ujerumani. Kutoka huko hadi ufuo wa bahari ni safari ya mamia ya kilomita. Ujanani alijifunza kazi ya kukereza, kazi ile ya kuzungusha mti kwenye mashine na kuukata kwa patasi hata ukawa mguu wa meza au tendegu la kitanda. Kisha akaandikwa askari wa mizinga, akapanda cheo hadi kuwa koplo. Chuo cha uundaji wa meli hakukisoma, wala hakuwa na jamaa mwenye jina. Naona hii ndiyo sababu moja ya mabwana wakubwa kumdharau baadaye, kwani ulimwengu una tabia ya kuuliza kwanza nani asemaye kabla ya kuuliza asema nini.

Mwaka 1848 Wajerumani wa majimbo mawili ya kaskazini, Schleswig na Holstein, walimwasi mfalme wa Denmark. Vita vikazuka, na mwaka 1849 majeshi ya Bavaria yakapelekwa kuwasaidia waasi. Bauer alikuwa miongoni mwa askari hao, na huko ndiko alikoiona bahari kama uwanja wa vita. Aliona jinsi manowari za Denmark zilivyokaa nje ya bandari na kuifunga nchi nzima, chombo kisiingie wala kisitoke, na watu wa nchi kavu hawana la kufanya ila kutazama. Yasemekana alipokuwa akimtazama sili akizamia na kuibuka ndipo fikira ilipomjia: kama mnyama yule aweza kupita chini ya manowari bila ya kuonekana, kwa nini mtu asiweze?

Alifika mahali akaacha jeshi la kwao na kujiunga na jeshi la Schleswig-Holstein mwaka 1850, ili apate nafasi ya kuifanyia kazi fikira yake. Akaunda mfano mdogo wa shaba wenye mashine ya saa ya kujaza ufunguo, akauonyesha ukitembea na kuzama katika maji ya bandari ya Kiel. Wakubwa wa jeshi walipouona wakakubali chombo kamili kiundwe. Pesa zilitoka katika michango ya askari na raia, na kazi ikapewa karakana ya Schweffel na Howaldt iliyokuwa hapo hapo Kiel.

DEBE NA YAI

Hapa yafaa tusimame kidogo, msomaji, tuutazame uzito wenyewe, kwani bila ya kuuelewa huo kisa cha Bauer kitakuwa hadithi ya kushangaza watoto tu.

Maji ni mazito kuliko tunavyodhani. Pipa la lita 200 likijazwa lina kilo 200, na kila mbeba maji wa mtaani alijua hivyo kwa mabega yake. Sasa chukua mkeka wa mita moja kwa mita moja, uutandaze chini ya bahari kwenye kina cha mita 10. Maji yaliyo juu ya mkeka huo yana uzito wa tani 10. Ukienda mita 20, ni tani 20. Na uzito huo haukandamizi kutoka juu peke yake. Maji hukandamiza kutoka kila upande, juu, chini na ubavuni, kwa nguvu ile ile, kwa kuwa maji hayana mahali pa kutulia ila yamezuiliwa.

Mzamiaji wetu hasagiki kwa sababu mwili wake kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayabanwi yakawa madogo. Hewa iliyo kifuani mwake hubanwa, ikapungua nafasi, hata nguvu yake ikalingana na nguvu ya maji ya nje. Basi pana mizani. Lakini chumba cha chuma kilichofungwa juu ya maji kikateremshwa chini hakina mizani hiyo. Ndani yake mna hewa ya kawaida, hii tunayovuta barazani, na nje pana tani kwa tani za maji. Tofauti yote hiyo hubebwa na ukuta wa chumba peke yake, siyo na mtu aliyemo ndani.

Ukuta huo utahimili au hautahimili kwa mambo matatu: unene wake, mbavu zinazoushikilia kutoka ndani, na umbo lake. Mtu akilikaba yai zima katika kiganja, akalibana sawasawa pande zote, litamshinda kulivunja ingawa ganda lake ni jembamba, kwa sababu kila sehemu ya ganda lililoviringana huegemea jirani yake. Lakini debe la mafuta, lenye kuta bapa, chemsha ndani yake maji kidogo, ulizibe lingali moto kisha uliache lipoe: litajikunja lenyewe mbele ya macho yako, na hapo limeonja uzito wa hewa tu, siyo wa bahari. Ukuta bapa huinama kati. Ndiyo maana nyambizi za siku hizi huundwa mviringo kama bomba kubwa, na ndani mna pete za chuma zilizokaribiana, mfano wa mataruma ya jahazi. Na wale wawili walioshuka mahali penye kina kirefu kuliko vyote duniani, karibu mita 11,000, mwezi wa Januari 1960 katika chombo kiitwacho Trieste, walikuwa wameketi ndani ya tufe la chuma lenye ukuta wa karibu sentimita 13.

Chombo cha Bauer kilikuwa na urefu wa mita 8 hivi na upana wa mita 2, na kimo chake kilizidi upana. Kilifanana na mnyama wa baharini aliyenona, mwenye kichwa kilichojaa na tezi iliyokonda. Lakini mbavu zake zilikuwa bapa, karibu na debe kuliko yai. Watu watatu ndio waliokuwa mabaharia wake. Wawili walikanyaga na kuzungusha magurudumu makubwa kwa miguu na mikono ili rafadha ya nyuma izunguke, na wa tatu, ambaye ni Bauer mwenyewe, alishika usukani. Mbele palikuwa na mikono iliyotokeza nje, ili mtu aliye ndani aingize mikono yake na kuibandika baruti kwenye ubavu wa manowari ya adui. Kwa sababu hiyo kikaitwa Brandtaucher, yaani mzamiaji wa moto.

Kama kungalikuwa na pesa za kutosha, pengine Bauer angaliupata ukuta alioutaka. Lakini vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, hazina ilikauka, na wale walioshika mfuko wakaanza kukata hapa na pale. Mabamba ya chuma yakafanywa membamba kuliko alivyochora, milimita 6 tu. Mataruma yakapunguzwa. Na lililokuwa baya zaidi, yale matangi ya kuwekea maji ya farumi yakaachwa kabisa. Chombo cha kuzama lazima kiingize maji ili kiwe kizito. Katika mchoro wa Bauer maji hayo yalikuwa na vyumba vyake. Katika chombo kilichoundwa yaliachwa yaingie chini ya sakafu na kutembea yatakavyo, kama maji ya ngama.

Nadhani hapa hapana haja ya kumweleza mtu wa pwani. Nahodha yeyote ajua maana ya farumi isiyofungwa. Chombo kikiinama kidogo, farumi nayo huteremka upande huo huo ulioinama, na kuinama kidogo kukawa kuinama kukubwa. Juu ya maji mtu aweza kulegeza tanga na kufua maji. Chini ya maji hana tanga la kulegeza.

Bauer alilalamika, lakini malalamiko ya koplo hayafiki mbali. Chombo kikamalizwa mwishoni mwa mwaka 1850. Kwa hesabu ya chuma kile, hakikufaa kushushwa zaidi ya mita 10 hivi. Bandari ya Kiel ina mahali penye kina kuzidi hapo.

ASUBUHI YA TAREHE MOSI FEBRUARI

Siku ya majaribio makubwa ilikuwa tarehe 1 Februari 1851. Ilikuwa baridi ya huko kaskazini, maji yakiwa karibu na kuganda. Waliingia watu watatu: Bauer na wenziwe wawili, Witt na Thomsen. Wakafunga kifuniko juu ya vichwa vyao, wakafungua maji ya farumi, wakaanza kuzama.

Mara maji yale yasiyo na tangi yakakimbilia tezi. Tezi ikashuka, omo ikainuka. Chombo kikawa kinateremka kwa nyuma, na kila kilichokuwa hakikufungwa kikateremka pamoja nacho na kuzidisha uzito huko huko. Katika kuteremka huko ndipo ukuta ulipoanza kusema. Mabamba ya ubavuni upande wa tezi yakainama kuelekea ndani, maungio yakaachana, na maji yakaanza kupenya. Wakaikimbilia bomba ya kufulia maji, lakini bomba ile ilitakiwa isukume maji nje dhidi ya uzito ule ule uliokuwa ukiyaingiza ndani, na uzito ulikuwa na nguvu zaidi. Chombo kikaenda hata kikatua katika matope, kwenye kina cha zaidi ya mita 15.

Piga hesabu, msomaji. Ubavu mmoja wa chombo kile, mita 8 kwa 2, ulikuwa umebebeshwa zaidi ya tani 200. Lakini hesabu iliyowahusu wale watatu zaidi ni ya kifuniko. Chukua kifuniko chenye upana wa nusu mita tu, mlango mdogo kabisa ambao mtu mzima aweza kujipenyeza. Kwenye kina kile huwa kimekandamizwa na karibu tani 3. Watu watatu wakisukuma kwa mabega yao, au hata watu thelathini, hawatakiinua kwa unene wa ukucha. Mlango uko pale pale, haukufungwa kwa kufuli, na hautafunguka.

Mtu mwingine yeyote katika hali ile, jambo la pekee ambalo angelifikiri ni kuyazuia maji. Azibe nyufa kwa nguo, apige bomba hata nguvu zimwishie, aombe msaada uje kutoka juu. Wenziwe ndivyo walivyotaka. Lakini Bauer, aliyekuwa ameishi na hesabu ya uzito wa maji kwa mwaka na zaidi, aliliona jambo kwa upande wake wa pili. Kinachokifunga kifuniko ni tofauti baina ya nje na ndani. Kutoa maji nje hawakuweza, basi iliyobaki ni kuiondoa tofauti hiyo kwa kuyaacha maji yaingie. Kadiri yanavyoingia, hewa iliyobaki ndani itabanwa, na ikibanwa itakuwa na nguvu, na nguvu yake ikilingana na ya maji ya nje kifuniko kitakuwa hakina uzito tena. Kitafunguka kama kinavyofunguka juani.

Kwa hiyo akawataka wayaache maji, bali wayaongeze. Wenziwe wakadhani akili imemruka. Wala hatuwezi kuwalaumu. Mtu amekaa gizani, maji ya barafu yanampanda magotini, na kiongozi wake amwambia ayafungulie yaje kwa wingi! Palikuwa na mabishano makali, na ilimbidi Bauer aeleze na kueleza tena.

Ukaja muda wa kungoja. Karibu saa sita walikaa mle ndani, maji yakipanda polepole kutoka magotini hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi kifuani, nao wakijibana upande wa omo ulioinuka, mahali ambapo hewa ilikuwa imekusanyika. Hewa yenyewe ilikuwa ikichafuka kwa pumzi zao watatu. Na kwa kina kile ilibidi hewa yote ibanwe hata ibaki kiasi cha sehemu mbili kwa tano, yaani chini ya nusu ya nafasi yake ya kwanza, ndipo mizani isimame. Juu ya hayo, waokoaji walikuja na mashua, wakaanza kushusha minyororo na nanga ili wakiopoe chombo. Nia ilikuwa njema, lakini vyuma vile viligonga chombo na kuburura juu yake, na walio ndani wakaogopa kuwa mnyororo ungelala juu ya kifuniko na kuwafungia milele, au kioo cha dirisha kivunjike kabla ya wakati wake.

Mwisho mizani ikasimama. Kifuniko kikafunguka kwa kishindo, hewa iliyobanwa ikalipuka kwenda juu, na wale watatu wakatoka pamoja nayo, wakaibuka kama maboya yaliyokatwa kamba, mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kuwahesabu katika maiti. Wote watatu walikuwa hai. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ijulikanayo katika historia kwa watu kujiokoa kutoka katika nyambizi iliyozama. Na njia ile ya kujaza maji kwanza kabla ya kufungua mlango ndiyo iliyokuja kufundishwa katika majeshi ya majini ya karne ya ishirini.

MUZIKI CHINI YA MAJI

Chombo kikabaki matopeni. Vita navyo vilikuwa vimekwisha, jeshi la Schleswig-Holstein likavunjwa, na hapana aliyekuwa na haja ya nyambizi. Bauer akawa msafiri wa kubisha milango ya wafalme. Alirudi kwao Bavaria, akapata sifa bila ya pesa. Akaenda Austria, akapewa ahadi, kisha ahadi ikavunjwa. Akaenda Uingereza, ambako Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alimsikiliza, na mjenzi mashuhuri wa meli, Scott Russell, akashirikiana naye. Ushirika huo ulikwisha kwa ugomvi, Bauer akiamini kwamba fikira zake zinachukuliwa naye mwenyewe anawekwa kando. Mambo haya ya karakana na michoro ni magumu kuyaamua baada ya miaka mingi, nami sitajitia kuwa kadhi.

Waliompokea kwa dhati ni Warusi. Ilikuwa wakati wa vita vya Crimea, na manowari za Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeifikia bahari ya Baltic. Grand Duke Konstantin, ndugu wa mfalme wa Urusi na mkubwa wa jeshi la majini, akaamuru Bauer aundiwe chombo katika mji wa St. Petersburg. Mwaka 1855 kikawa tayari. Kiliitwa Seeteufel, jina ambalo kwa Kijerumani maana yake ni shetani wa bahari. Urefu wake ulikuwa mita 16, mara mbili ya kile cha Kiel, na kilichukua zaidi ya watu 10. Safari hii fundi alipata alichokitaka: chuma kinene, na farumi iliyotiwa ndani ya matangi yake yenyewe.

Matokeo yakaonekana. Katika maji ya Kronstadt, bandari iliyo mbele ya St. Petersburg, Seeteufel ilizama na kuibuka zaidi ya mara 130. Ni yule yule Bauer, ni miguu ile ile ya watu ndiyo iliyozungusha rafadha, ni akili ile ile. Lililobadilika ni ukuta na matangi. Kama pangekuwa na hakimu wa kumhukumu baina yake na wale waliokata mabamba ya Kiel, mizamo hiyo 130 ingekuwa ushahidi tosha.

Mwezi wa Septemba 1856 mfalme Alexander wa Pili alitawazwa mjini Moscow. Huko Kronstadt Bauer aliona nafasi ya kuonyesha kuwa chumba chake si kaburi. Akawaingiza wapiga tarumbeta ndani ya Seeteufel, akazama nao, na mizinga ya sherehe ilipolia juu, wao wakapiga wimbo wa taifa la Urusi chini ya maji. Mabaharia waliokuwa katika meli zilizotia nanga karibu waliusikia. Jambo hili si la miujiza. Sauti husafiri ndani ya maji kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na ubavu wa meli huipokea na kuitoa kama ngozi ya ngoma. Lakini wafikirie hao wapiga tarumbeta. Kupiga tarumbeta kwataka pumzi ndefu na moyo uliotulia, na wao walikuwa wamefungiwa ndani ya chuma, na bahari imewalalia juu.

Sifa zote hizo hazikumpa marafiki. Maofisa wa jeshi la majini hawakupendezwa na mgeni, tena koplo wa mizinga, kuwafundisha bahari. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika jaribio la kupita chini ya meli, rafadha ilinaswa chini, chombo kikakwama, na katika jitihada za kukiokoa kifuniko kikafunguliwa na maji yakaingia. Watu wakatoka salama, chombo kikazama. Mwaka 1858 Bauer akaiaga Urusi.

Kazi yake iliyofanikiwa bila ya ubishi ilikuja baadaye, katika ziwa la Constance lililo baina ya Ujerumani, Uswisi na Austria. Mwaka 1861 meli ya Bavaria iitwayo Ludwig iligongana na meli ya Uswisi, ikazama na watu wakafa. Bauer akaahidi kuiopoa. Alifunga mifuko mikubwa kwenye meli iliyozama, kisha akaijaza hewa kwa bomba. Kila nafasi ya mita moja ya ujazo ambayo hewa imeyaondoa maji hunyanyua karibu tani moja. Ni ile ile hewa iliyobanwa ambayo iliwanyanyua watu watatu Kiel, sasa imepewa kazi ya kunyanyua meli. Pesa zilipungua mara kwa mara, gazeti la Die Gartenlaube likamwitishia michango kwa wasomaji wake, na baada ya majaribio mengi Ludwig iliibuka mwaka 1863.

Michoro mingine aliendelea kuitoa, ya nyambizi kubwa zaidi na zenye mizinga, na Prussia ilipopigana na Denmark mwaka 1864 alijitoa tena kusaidia. Hawakumchukua. Maradhi yakamwandama, na tarehe 20 Juni 1875 alifariki dunia mjini Munich akiwa na umri wa miaka 52.

Kuna watu ambao bado huuliza kama ilikuwa lazima mtu ashughulike hivi na milimita za chuma. Mwezi wa Juni 2023 chombo kiitwacho Titan kilishuka kwenda kuyatazama mabaki ya meli ya Titanic, yaliyo kwenye kina cha karibu mita 3,800, kikiwa na watu 5. Chumba chake hakikuwa cha chuma kitupu kama ilivyo desturi, bali mwili wake ulifumwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na wataalamu walikuwa wametoa onyo mapema. Kilisagika wote wakiwa ndani. Uchunguzi wa walinzi wa pwani wa Marekani, uliotolewa mwaka 2025, ulitaja kasoro katika usanifu wa chombo na katika kukikagua. Hao hawakuwa na nafasi ya kungoja mizani isimame. Kwenye kina cha namna ile ukuta ukikubali, hukubali kwa mara moja.

Ama chombo cha Kiel, hicho kina habari yake. Kwa miaka 36 kililala katika matope, na bahari ikakitunza. Mwaka 1887 mashine za kuchimba bandari zilikigusa. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kuwa dola moja na Kiel bandari yake kuu ya manowari, na yule aliyekichora alikuwa kaburini kwa miaka 12. Wakakiopoa. Kikawekwa Kiel, kikapelekwa Berlin katika jumba la makumbusho ya bahari, kikapita salama katika vita viwili vya dunia, na kati ya mwaka 1963 na 1965 kikatengenezwa upya katika mji wa Rostock. Ndiyo nyambizi kongwe kuliko zote zijulikanazo ambazo bado zipo, na inaonyeshwa katika jumba la makumbusho ya jeshi la Ujerumani mjini Dresden.

Katika bandari ya Bremerhaven ipo nyambizi nyingine ya makumbusho. Hiyo ni ya vita vya pili vya dunia, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe mwaka 1945, ikaopolewa mwaka 1957 na kutengenezwa kwa ajili ya majaribio. Mwaka 1960, ilipoingizwa tena katika kazi ya jeshi la majini, iliandikwa ubavuni jina jipya: Wilhelm Bauer.